Muwa wa Ukweni

Nimezaliwa bara, mahali ambapo maji ya kisima yana madini yanayotia meno ya mtoto rangi ya hudhurungi kabla hata hayajaota. Upige mswaki mpaka ufizi utoke damu, rangi haitoki. Nilipohamia Changamwe, huku pwani, kutafuta kazi nilikuta watu hawalijui hilo. Kwao meno kama yangu ni uchafu, au ugoro, au ukoo mbaya. Muuza mahamri mmoja alinipa pole kila asubuhi, kwa sauti, mbele ya wateja wake wote. Nilimchukia, na mahamri yake niliendelea kununua kwa sababu yalikuwa matamu.

Mchumba wangu, karani wa kutoa mizigo pale bandarini Kipevu, hakunipa pole. Aliona haya tu. Mama yake, huko Junda, alikuwa ameshamkataa msichana mmoja wa bara kabla yangu, akisema wajukuu wake watazaliwa na meno yale. Basi mchumba wangu akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa meno, akachagua mwenyewe weupe wa kunifaa, akaniambia, "Mama asijue." Nilikubali. Nilimpenda, na nilitaka kuolewa.

Daktari aliyakwangua meno yangu manane ya mbele, akayagandishia maganda membamba ya kauri. Kisha akanisomea masharti. Kauri haishiki doa, lakini huvunjika. Embe likatwe kwa kisu. Mfupa usiguswe, barafu isitafunwe, soda isifunguliwe kwa meno. Mswaki uwe laini, uzi upitishwe katikati ya meno kila jioni, na ule mkaa wa kusugulia meno alionizoesha nyanya yangu usahaulike kabisa. Nilifuata yote. Kazini nilichopoa mishikaki kwenye kijiti na kuikata vipande vidogo, wenzangu wakisema nakula kama mgonjwa aliyetoka wodini jana. Sikujali. Nilikuwa nacheka mdomo wazi kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Siku ya kutambulishwa Junda, chakula kilinihurumia: wali wa nazi, samaki wa kupaka, vyote laini. Mama mkwe alinitazama mdomoni tangu nilipompa shikamoo.

"Una meno mazuri, mwanangu," alisema. "Mungu kakujaalia."

Nilimeza tonge na kumshukuru.

Kisha ukaletwa muwa kutoka shamba lao. Katika nyumba ile mwanamke anayeingia kuolewa humenya muwa kwa meno mbele ya mashangazi, ndipo wajue kama ni mtu wa kazi. Niliomba kisu. Mashangazi wakaangua kicheko.

"Kisu? Kisu ni cha vibogoyo, mwanangu."

Nilimgeukia mchumba wangu. Neno moja tu lingetosha, hata la uongo, kwamba jino linaniuma. Aliniinamia sikioni akanong'ona, "Ng'ata kidogo tu, usiniaibishe."

Niling'ata kwa pembeni, nikijaribu kutumia magego. Ganda la chonge likabanduka, likaniangukia mapajani.

Mama mkwe aliliokota, akaligeuzageuza kwenye mwanga. "Hiki nini? Hebu fungua mdomo."

Nilifungua. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilifungua, mtu mzima na mshahara wangu, nikakaguliwa kama mbuzi wa mnadani. Alichungulia kijino kilichokwanguliwa, chembamba, na hudhurungi yake pale kwenye ufizi.

"Kumbe ni yale yale!" alisema, na shangazi mmoja akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

Nilimweleza. Nilimwambia ni maji, si damu. Mtoto atakayezaliwa hapa na kunywa maji ya hapa atakuwa na meno kama ya mwanawe. Nilisema kwa adabu, nikiliziba pengo kwa ulimi.

"Aliyebandika meno atabandika na mimba," alinijibu. Kisha akamgeukia mwanawe. "Nawe ulijua?"

Niliona aibu ikimwondoka mchumba wangu na kunijia mimi peke yangu. Hata hakufikiri sana.

"Haki ya Mungu, mama, sikujua. Ndiyo kwanza naona."

Nilichukua ganda langu kiganjani mwa mama yake, nikalifunga kwenye kitambaa, nikaaga. Mama alinijibu kwa upole wote wa watu wa pwani, niende salama, niwasalimie wazazi. Nikiwa mlangoni navaa viatu, nilimsikia akimwambia mwanawe muwa usiharibike bure. Mchumba wangu akauchukua ule ule niliouacha, akaendelea kuumenya kwa meno yake.