Viatu vya Ghala la Mpunga

Harufu ya theluji ikianza kushuka kutoka mlimani, akina mama wa kijiji cha Sugasawa humpelekea Bi Fuki suti za watoto za kuvaa wanapoteleza thelujini kwa skii. Hawapeleki zilizochanika tu. Suti za watoto za kule hutoka dukani zikiwa na mkunjo uliofichwa ndani ya mikono na miguu. Mtoto akirefuka, mzazi hukata uzi, mkono unashuka, na suti inapata msimu mwingine. Wengi wakishakata huona basi, hapo mwisho wake. Bi Fuki huirudisha ilivyokuwa. Hukunja tena palepale pa zamani, akashona kwa uzi mwekundu ili atakayekata baadaye asihangaike kuutafuta, na suti ikaenda kuanza upya kwa mtoto mwingine. Pesa hapokei. Hupokea figili, na figili iliyonyauka humrudishia mwenyewe.

Shule aliiacha mapema akabeba wadogo zake mgongoni. Kusoma anasoma, ila polepole, na magazeti kwake ni ya kufungia vitu. Skii alijifunzia mbao alizochonga baba yake, miguuni viatu vya majani ya mpunga. Aliolewa, akashona mashati kiwandani hadi kiwanda kikafungwa, akamzika mumewe. Sasa anaishi na mwanawe Katsuhiro, dereva wa gari la kusukuma theluji, na mkwewe Chizuru, na wajukuu wawili. Katika nyumba hiyo Chizuru ndiye mwenye sauti jikoni, Katsuhiro mwenye sauti kwenye gari, na mambo ya mavazi ni ya Bi Fuki. Hawakuwahi kukaa wakakubaliana. Ndivyo ilivyokuwa tu.

Mwaka huo mjukuu wake wa kike, Nagi, aliingia darasa la nne, na watoto wa darasa la nne hupelekwa kuteleza mlima mkubwa kwa mara ya kwanza. Suti ilikuwa tayari. Ilikuwa ya kaka yake Wataru.

"Bibi, hii inanuka Wataru," Nagi alisema akijitazama mikono.

"Imefuliwa mara mbili. Hicho kitu kiko puani mwako."

Shida ilikuwa viatu. Vya zamani vilimbana mtoto hadi vidole vikawa vyekundu, na vya Wataru vilishampita ukubwa. Chizuru, ambaye kazi yake ni kuwakatia watelezaji tiketi za kupandia mlimani, alitaka kwenda mjini akanunue vipya kwa mkopo wa duka.

"Viatu vipo," Bi Fuki alisema. "Vya baba yake. Viko ghalani."

Alikwenda akavileta, bado vimefungwa magazeti. Ni viatu vya buluu, vigumu, vyenye vifungo vya chuma, vinang'aa kama vimetoka dukani jana. Katika maisha yake Bi Fuki aliwahi kununua viatu vipya vya skii mara moja tu, na ndivyo hivyo. Alishona mashati ya ziada msimu mzima ili avipate. Katsuhiro alivivaa baridi moja, miguu ikakua, na tangu hapo vikakaa juu ya magunia ya mpunga, pakavu, bila panya kuvigusa. Kila mwaka alikuwa akivifungua, anavifuta, anabadilisha gazeti.

Chizuru alivigeuza geuza, akaviweka chini taratibu.

"Mama, hivi vina miaka mingi kuliko ndoa yangu."

"Na havijachakaa kama hiyo ndoa."

Chizuru alicheka, lakini hakuviokota. "Kazini tumeona viatu vya namna hii vikipasuka. Ile plastiki inakufa ndani kwa ndani hata kama havivaliwi. Mtu yuko katikati ya mteremko, kiatu kinamomonyoka."

"Plastiki haifi. Nenda mtoni ukaone mifuko."

"Nagi anakwenda mlima mkubwa, Mama. Akianguka kule, si kama kuanguka hapa nyuma ya nyumba. Nisamehe, lakini hivi sitamvalisha."

Alisema kwa adabu, macho yakiwa chini, lakini alisema. Hakuwahi kumkatalia mama mkwe jambo la nguo. Bi Fuki alivifunga tena viatu kwenye magazeti yake, akaiacha supu ipoe.

Kesho yake, nyumba ilipobaki tupu, alikaa mlangoni akaingiza mguu ndani ya kiatu cha buluu. Ulienea. Bi Fuki ni mfupi, na miguu yake haikuwahi kumpita mtoto wa darasa la nne. Akafunga chuma, akachukua skii za mjukuu, akapanda mteremko wa nyuma ya shamba. Nia yake ilikuwa kushuka, kuvua, na kuviweka mezani vikiwa na theluji. Asiongeze neno.

Nusu ya kwanza alishuka vizuri, magoti yanakumbuka. Alipokata kona ya pili alisikia mlio kama yai linapasuka. Kisigino cha kiatu cha kushoto kilibaki nyuma. Mbele ya kiatu ilibaki imeng'ang'ania skii, katikati pakawa mguu wake ndani ya soksi, kisha skii ikaondoka peke yake na yeye akakaa chini kwa nguvu. Vipande vya buluu vilitapakaa kwenye theluji. Cha kulia nacho kilivunjika alipojaribu kusimama.

Alikuwa bado anaviokota alipotokea jirani yake Tsuneyo, ile skii iliyokimbia ikiwa begani.

"Fuki, mguu wako umekuja kwangu kunisalimia. Nikasema nikurudishie, mwenyewe asije akauhitaji."

"Uweke hapo."

"Umeumia?"

"Nimelowa."

"Mwanamke wa umri wako."

"Wewe umenizidi mwaka. Nishike mkono."

Jioni Chizuru aliviona vipande juu ya gazeti, akaiona na ile soksi iliyoanikwa. Aliandaa chakula. Aliposogeza bakuli alisema, "Gulio la mitumba shuleni ni Jumapili, Mama."

"Nimesikia. Masikio hayajavunjika."

Jumapili, kwenye ukumbi wa shule, Bi Fuki alipita meza baada ya meza. Hakuuliza bei kwanza. Aliuliza, "Vilivaliwa lini mara ya mwisho?" Alivyovichagua vilikuwa vya mtoto wa kinyozi, vya baridi iliyopita, vimechubuka ubavuni. Alimvalisha Nagi, akamwambia akunje magoti, akambonyeza nyuma ya mguu kuona kama kisigino kinapanda. Hakikupanda. Akalipa mwenyewe kabla Chizuru hajafungua pochi.

"Vimekwaruzika, Bibi."

"Vimekwaruzika mwaka jana. Ndicho ninachokitaka."

Kwenye meza ya jirani, mama mmoja kijana, mgeni kijijini, alikuwa amemshikisha mwanawe viatu vyekundu vinavyong'aa, anatabasamu kwa kupata bahati. Muuzaji alikuwa akimwambia vimekaa kabatini miaka yote hiyo, havina hata alama. Bi Fuki alisimama. Tsuneyo alikuwa karibu, anauza glavu, na shingo yake ilikwisha kurefuka.

Bi Fuki aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kipande cha buluu kilichofungwa gazeti, akakifungua, akamwekea yule mama kiganjani.

"Kibonye."

Mama alikibonya. Kikavunjika kama mkate mkavu wa mchele.

"Nini hiki?"

"Kiatu cha mwanangu. Nilikitunza kuliko vitu vyote ghalani."

Mama alivitazama viatu vyekundu, akavirudisha mezani. Muuzaji alinuna.

"Mwambie na mguu ulivyokuja kunisalimia," Tsuneyo alisema.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyeupokea."

Na Tsuneyo akamwambia, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, mikono ikionyesha jinsi skii ilivyoingia uani. Watu walicheka. Bi Fuki alisimama palepale akikunja gazeti lake hadi alipomaliza.

Siku ya mlima mkubwa Nagi alirudi na giza, mashavu mekundu, viatu viwili mkononi. Bi Fuki alizigusa pindo za mikono ya suti. Uzi mwekundu ulikuwa umeshika.

"Kisigino kilipanda?"

"Hapana."

"Haya, kaa ule."