Mpima Mvua Asiyeruhusiwa Wino

Siku yangu ya kwanza kazini nilipimwa mimi kabla sijapima chochote. Mkuu wa Kituo, Mwingereza mwembamba mwenye soksi ndefu, alinikalisha kwenye kiti, akatoa utepe kama wa fundi cherehani, akanizungushia kichwani na kuandika namba kwenye daftari lake. Nilidhani nashonewa kofia ya kazi, nikafurahi! Kofia yenyewe sijaiona mpaka leo. Karani wa kituo ndiye aliyeniambia kwamba bwana yule ana kitabu kinachodai ukubwa wa kichwa unaonyesha akili ya kabila zima.

"Nyinyi Wanyamwezi Mungu amewapa mabega," Mkuu aliniambia kwa upole kabisa. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu hadi pwani. Mabega mazuri sana."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya hali ya hewa hapa Tabora, wakati wa Mwingereza, nikiwa kijana wa mtaa wa Chemchem. Nyinyi mnaosikia habari za mvua redioni hamjui jasho lililomo. Kila siku saa tatu asubuhi unasoma kipimajoto ndani ya sanduku jeupe lenye matundu, unasoma baromita, yaani chombo cha kupimia uzito wa hewa, kisha unakwenda kwenye kipimamvua. Hicho ni kopo la shaba lililofukiwa nusu ardhini, juu lina faneli, ndani lina chupa. Mvua ikiwa kubwa chupa hujaa, maji yakamwagikia ndani ya kopo. Mpimaji mvivu hupima ya chupa tu akaenda zake kunywa chai. Mpimaji wa kweli hupima yote, glasi kwa glasi, akihesabu.

Sasa sikilizeni sheria ya kituo chetu. Mwafrika aliandika kwa penseli. Mkuu akija, alipitia, akaandika juu yake kwa wino, akatia saini yake. Niliyelowa ni mimi, lakini kwenye daftari jina langu halikuwamo hata siku moja. Nilitaka wino kuliko nilivyotaka kupandishwa cheo.

Mkuu wa pili alikuwa mtu wa kanisa, mcheshi. Alikitupa kile kitabu cha vichwa, akasema ni upuuzi mtupu. Nikaona mambo yangu yamenyooka, nikaomba wino.

"Kichwa chako kizima, Petro," akanijibu. "Tatizo ni mila. Watu wenu hawajazoea hesabu."

Ebo! Babu yangu alikuwa mpagazi, amekwenda pwani na kurudi mara nne na mzigo begani. Alijua kila kambi ya njia ile kutoka hapa kwetu Unyanyembe. Alijua kisima cha wapi hukauka mwezi gani, na kinatosha watu wangapi kwa siku ngapi. Akikosea, watu wanakufa kwa kiu. Kama hiyo si hesabu, ni ngoma? Lakini nilichonga penseli tu.

Wa tatu alikuja baada ya vita vya Hitler. Yeye hakutaja kichwa wala mila. "Wewe hodari," alikiri. "Lakini wakati bado. Labda wajukuu zako." Hapo ndipo nilipowaelewa. Wazo lilikuwa lile lile, linabadilishwa koti tu kila bwana mpya anaposhuka kwenye treni. Nilichukia, nasema kweli. Nilikuwa na mvi mbili tatu na watoto watano, na bado namba zangu zilifutwa kwa raba.

Basi, asubuhi moja ya masika, mvua ilinyesha upande wetu wa kituo tangu alfajiri, mvua ya kutisha, kisha ikakatika ghafla. Nikapima glasi nane na nusu. Kila glasi ni nusu inchi, kwa hiyo jumla ni inchi nne na robo. Sikuamini, nikapima tena. Ikawa ile ile, nikaiandika.

Mkuu akaja kutoka kwake, upande wa pili wa mji, viatu vikavu. Akaitazama namba, akacheka. "Kwangu manyunyu tu. Umehesabu glasi moja mara nane." Akafuta, akachovya kalamu, akaandika nusu inchi.

Wino haujakauka, akaingia mkaguzi wa reli, Singasinga mmoja mnene asiye na mzaha. Kila asubuhi ya masika alikuja kuchukua namba yetu, maana njia ya Kigoma inapita kwenye mbuga, bonde linalojaa maji, na mvua ikizidi inchi mbili ilibidi tuta la reli likaguliwe kwa toroli kabla treni haijapita. Treni ya abiria ilikuwa tayari stesheni, imejaa akina mama na watoto migongoni.

"Nusu inchi," Mkuu akamwambia. Mkaguzi akageuka kwenda.

Nikisema, kazi imeota mbawa. Nisiposema, Mungu wangu, wale watu! Nikasikia sauti yangu yenyewe: "Bwana Mkaguzi, maji bado yapo."

Maana sikuyamwaga. Desturi ilikuwa ukishapima unamwaga, lakini mimi, tangu Mkuu huyu aniambie wakati bado, nilikuwa nayaweka kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka namba ipitishwe. Wenzangu walinitania kwamba nafuga maji. Nikaileta ndoo, nikaitua mezani juu ya makaratasi ya Mkuu.

"Pima wewe, bwana," nikamwambia Mkuu. Woga wote ulikuwa umeniishia.

Akapima, masikio yamemwiva. Kwenye glasi ya tano Mkaguzi alikuwa ameshamtuma mtu mbio stesheni. Ya sita, ya saba, ya nane. Na nusu! Mkuu akanyoosha mkono kuchukua kalamu, Mkaguzi akaifunika kwa kiganja.

"Nimezuia treni kwa namba hii," akasema. "Nataka saini ya aliyepima. Aliyekuwa kitandani simtaki."

"Kanuni hairuhusu."

"Basi nenda wewe ukawaeleze abiria."

Mkuu akanywea. Akanisogezea kalamu bila kunitazama. Nikaandika inchi nne na robo, kisha jina langu lote, la ubatizo na la baba, taratibu, wino ukanichafua vidole. Toroli iliporudi ilileta habari kwamba tuta limeliwa na maji, reli zinaning'inia.

Loo, nilivyorudi nyumbani siku ile! Nilipita mtaa wa Kanyenye katikati ya barabara, nawasalimia hata wasionijua. Mke wangu Theresia akaniletea maji. "Nawa, ugali unapoa."

"Leo nakula kwa kijiko," nikamjibu, vidole vyenye wino nimevikunja. Akadhani nimelewa.

Penseli sikuishika tena, na wiki ile ile wenzangu wawili nao walichukua kalamu. Mkuu hakuniomba radhi. Alianza tu kuacha kidau cha wino wazi mezani. Miaka ikapita, bendera ikabadilika, nami nikakaa kwenye kiti chake.

Nimestaafu sasa, nalima karanga zangu. Vijana huniuliza tuliwashindaje wale mabwana. Maneno hayakunisaidia, nawaambia. Nilibishana nao kimoyomoyo miaka na miaka, na hawakunisikia.

Mwaka wangu wa mwisho kazini aliletwa mpimaji mpya, binti wa Nzega. Wiki ya kwanza aliandika joto la jana mahali pa leo. Akanijia na daftari kifuani, machozi yanamlengalenga.

"Shikamoo mzee. Naomba raba."

"Marahaba. Raba hatuna hapa, mwanangu. Piga mstari mmoja, andika iliyo sahihi pembeni, utie saini."

"Lakini mzee, kosa langu litaonekana daima!"

"Acha lionekane," nikamwambia. "Na jina lako lionekane."