Nilimng'ang'ania Baba Mdogo Asishuke Tangini

Nilimng'ang'ania baba mdogo mguu ili asishuke kumwokoa baba yangu. Baba akafa.

Kabla hamjaanza kunitukana kwenye maoni, someni mpaka mwisho.

Nina miaka kumi na saba. Mwaka jana mwalimu wa fasihi alitupa kazi ya likizo: soma riwaya moja ya zamani, uje utoe maoni yako bila kumwogopa mtu. Baba alikuwa nayo moja, imechakaa, jalada kaligandisha kwa gundi ya mabomba. Riwaya ya kisayansi. Wasafiri wanaruka na chombo mpaka sayari iliyokufa, wanakuta mji chini ya ardhi.

Mwanzoni ilininogea, siwafichi.

Halafu wanafika kwenye shimo lenye hewa mbaya. Anashuka nahodha, anaanguka. Anashuka daktari kumfuata, naye chali. Wa tatu, wa nne, mpaka wanaisha. Anabaki mpishi peke yake juu, analia, hashuki.

"Baba, hiki kitabu ni cha wajinga," nikamwambia. "Watu wana chombo cha kuruka angani, halafu wanakufa kwa foleni?"

Baba akacheka. "Wewe mtoto huna moyo. Wale ndio wanaume. Mwoga ni huyo mpishi."

"Mpishi ndiye pekee mwenye akili!"

"Haya, siku nikianguka mimi, wewe kaa juu upike."

Tulicheka mpaka mama akatufokea.

Baba na mdogo wake walikuwa wanasafisha matangi ya maji ya chini ya ardhi, yale makubwa ya viwandani. Kazi yao ilikuwa na sheria moja: aliye chini anaimba. Hata kama sauti yake inatia kichefuchefu, anaimba. Akinyamaza tu, aliye juu anavuta kamba.

Jumamosi moja niliwapelekea chakula kwenye kiwanda kilichofungwa zamani. Tangi lilikuwa kutu tupu na matope meusi. Baba yuko chini, anaimba wimbo wa harusi, maneno anayabuni mwenyewe. Baba mdogo kashika kamba, ananiuliza kama nimekumbuka pilipili.

Wimbo ukakatika katikati.

Baba mdogo akavuta kamba. Ikaja nyepesi, mwisho wake hauna mtu. Baba alikuwa ameifungua kiunoni kwa sababu ilikuwa inanasa kwenye nguzo za mle ndani. Ndiyo tabia yake hiyo, alishagombezwa mpaka basi.

"Kaka! We kaka!"

Baba mdogo akatia mguu kwenye ngazi. Nikauvamia ule mwingine.

"Niachie! Kaka yangu anakufa!"

"Na wewe utakufa! Ni hewa, baba mdogo! Hewa!"

"Niachie nimesema!"

Sikumwachia. Nilipiga yowe mpaka mlinzi akaja mbio, akawapigia zimamoto. Walichelewa, jamani, walichelewa. Walishuka wamevaa mitungi ya hewa, wakamtoa baba ameshapoa, brashi bado iko mkononi.

"Angeshuka wa pili tungetoa maiti mbili," mkubwa wao akasema.

Msibani nani wa kusikiliza hayo? Shangazi, dada yake baba, alininyooshea kidole mbele ya watu wote. "Huyu ndiye aliyemzuia baba yake mdogo wakati baba yake anakata roho!"

Mama hakunitazama.

Shule ilipofunguliwa niliandika maoni yangu: mwandishi kawaua watu saba kwa kurasa tatu, lakini hakutuambia mpishi aliporudi aliwaeleza nini wake zao. Nikapewa alama nyingi. Sikuzitaka.

Juzi baba mdogo kaja nyumbani. Ile kazi aliiacha, siku hizi anauza vipuri vya pikipiki. Tukakaa uani.

"Una kilo ngapi wewe?" akauliza.

"Arobaini na kitu."

"Mimi pampu ya kubebwa na watu wawili naibeba peke yangu. Kweli ungeweza kunizuia?"

Nikaitazama mikono yangu.

"Kaka aliponyamaza, niliogopa. Nilitia mguu kwenye ngazi huku naomba mtu anishike. Uliponishika, nikashukuru Mungu. Zile kelele za niachie, nilipiga ili mlinzi asikie." Akaanza kulia, mtu mzima, kamasi zinamtoka. "Nitawaita wote niwaambie."

Nikamwambia asithubutu. Shangazi akiacha kunichukia mimi atamhamia yeye, na ana watoto wadogo. Mimi nimeshazoea.

Hapana, naongopa. Sijazoea. Inaniuma kila mama anaponipa sahani bila kuniangalia usoni.

Ndiyo maana nawaambia ninyi msionijua. Mtu akianguka shimoni, msimfuate, iteni wenye mitungi. Na kama kwenu yupo aliyebaki juu siku mwenzake alipokufa, msimuulize kwa nini hakushuka. Mwambieni mmefurahi kumwona.

Mimi sijaambiwa mpaka leo.