Shuka la Ernesta

Mama Pasikali halali kwenye shuka jeupe. Alipolazwa kituoni kwetu kwa malaria, alilikunja shuka la serikali vizuri, akaliweka juu ya meza ya dawa, akatandika kitenge chake. Nilimfokea. Mimi ni mtu wa Pangani, mdomo wangu hauna breki, na hapa Kitahana nilikuwa bado nesi mgeni. Aliniacha nimalize, kisha akaniambia taratibu kwamba mwanawe wa kwanza alirudishwa nyumbani ndani ya shuka kama lile. Pasikali alikuwa amekwenda Mabamba na lori la mihogo, lori likapinduka. Walipomshusha uani, mama mtu alilifunua shuka mwenyewe, kwa sababu wanaume wote waliokuwepo waliogopa.

Tangu siku hiyo tukawa ndugu. Akivuna maharage huniletea, halafu hukaa jikoni kwangu kunisimamia nisiyaharibu kwa nazi. Ni mwanamke wa mwili, mwenye mikono ya jembe, anayemkemea hata diwani mbele ya watu. Lakini pikipiki ikisimama ghafla mlangoni kwake, anashika ukuta. Amebakiwa na mtoto mmoja tu, Ernesta, na huyo naye akaenda kwa masista, nje kidogo ya Kasulu.

Siku ya nadhiri za daima ilipopangwa, Mama Pasikali alisema goti linamuuma, hawezi kupanda basi. Goti hilohilo lilikuwa linapanda mlima kwenda shambani kila asubuhi. Nilimtania, hakucheka.

Ndipo Ernesta akanipigia mimi. "Dada Nasma, vijana wa parokia watarusha ibada mubashara. Naomba mama aione kwenye televisheni yako." Akanieleza na desturi ya nyumba yao ya masista. Angelala kifudifudi mbele ya altare, asiinuke mpaka mzazi wake amwite kwa jina. Kwa kuwa mama yake hatakuwepo, mama mkuu wa masista angempigia simu na kuiweka kwenye kipaza sauti, amwite kutoka huku huku.

"Na asipokuita?" niliuliza kwa mzaha.

"Nitarudi nyumbani, dada. Hawamchukui mtu ambaye mzazi wake hajamtoa." Akasema watapiga kwanza simu ya mama yake, na yangu itakuwa ya akiba. Yote hayo nikamfikishia mama yake.

Jumamosi yenyewe mvua ilianza asubuhi. Mama Pasikali akaja amevaa kitenge kipya, kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, kimefungwa kwenye pindo la kanga. Umeme ulikuwa umekatika ukarudi, na televisheni ikaamka ikidai tuko mwaka ambao Ernesta alikuwa bado darasa la tatu. Programu ya kuangalia matangazo ikakataa kufunguka. Nikarekebisha tarehe, ikafunguka. Picha ikaanza kukatakata. Nikashusha ubora wake, nyuso za watu zikawa na ukungu, lakini angalau zilitembea. Intaneti tuliivuta kutoka kwenye simu yangu, na kwa kuwa sebuleni mtandao ni wa kubahatisha, simu nikaiacha dirishani jikoni, mahali inaposhika vizuri. Ina tabia moja mbaya: ikipigwa, intaneti inalala mpaka simu ikatike.

"Usiguse tena, nesi," Mama Pasikali akasema. "Anaonekana."

Ernesta alikuwa anatembea kuelekea altare, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Akapiga magoti, akalala kifudifudi, mikono ameitandaza. Kisha masista wakaja na kitambaa kikubwa cheupe. Wakamfunika kuanzia miguuni hadi kichwani.

Na picha ikasimama hapo hapo.

Mimi ni Mwislamu, mambo ya altare siyajui. Ninayoijua ni sanda. Na ninajua mtu anayefunikwa mpaka kichwani ni mtu wa namna gani, maana nimewafunika wengi kwa mikono hii. Kile kiduara cha kwenye kioo kilikuwa kinazunguka, akili yangu ikaniambia ni mtandao tu, lakini sikuiamini. Hilo la kitambaa Ernesta hakuniambia. Sasa nadhani alituficha makusudi kwa ajili ya mama yake.

"Nesi, mbona hapumui?"

"Ni mtandao, mama. Tazama, hata wanakwaya wamesimama midomo wazi."

"Wanakwaya siwaulizi. Huyu hapumui."

Nikashusha ubora mpaka mwisho. Wapi. Nikashika swichi ya ukutani niizime televisheni na kuiwasha upya, akanirukia mkono.

"Usizime! Ukizima ndiyo umemmaliza!"

Ningemcheka siku nyingine yoyote. Siku hiyo nilitoa mkono kwenye swichi kama mtoto aliyekemewa, maana na mimi nilikuwa naogopa kulizima shuka lile nisilione tena likiinuka. Nikaingia kwenye mipangilio. Televisheni ikasema imeunganishwa na simu, ila intaneti haipo. Nyuma yangu Mama Pasikali alikuwa ameanza kuhema kwa kelele. Nilimpima presha juzi yake tu, ikawa juu. Nikasema moyoni, huyu ananifia hapa sebuleni, na mtoto wake kule atalala mpaka lini?

Hapo ndipo nilipokumbuka. "Mama, mbona hawajakupigia? Kitochi kiko wapi?"

Akafungua pindo la kanga. Kioo cheusi.

"Nimekizima," akasema.

"Umekizima kwa nini?"

"Nilijua nisipomwita wangemrudisha kwangu." Akakitazama kile kisimu, akaitazama televisheni. "Sikujua wangemfunika. Nesi, nimemuua mwanangu. Nimenyamaza, akafa."

Alibonyeza kukiwasha, kikawaka bila mnara hata mmoja. Na mimi nikapigwa na wazo moja: simu ya akiba. Nilikimbilia jikoni. Mvua ilivyokuwa inapiga bati, hata ng'ombe angelia pale dirishani nisingemsikia. Simu yangu ilikuwa inaita, inacheza yenyewe juu ya saruji, namba nisiyoijua, na juu ya kioo alama za kuonyesha ilishaita tena na tena. Sisi tunahangaika na televisheni, kumbe Kasulu wanatupigia, na kila wakipiga wanaikata picha yao wenyewe.

Sikupata hata nafasi ya kusema haloo. Mama Pasikali alikuwa mgongoni kwangu, akaninyang'anya simu, akaishika mbele ya mdomo kwa mikono miwili na kupiga kelele kwa Kiha, kelele ya mtu aliyeko upande wa pili wa bonde.

"Ernesta! Vyuka! Vyuka, mwana wanje!"

Inuka, mwanangu. Kiha changu ni kidogo lakini hicho nilikielewa. Simuni pakawa kimya, halafu vigelegele vikalipuka mpaka nikavisikia nilipokuwa nimesimama. Sauti ya mama mmoja ikasema, "Asante mzazi, asante," na simu ikakatika.

Tuliporudi sebuleni picha ilikuwa imeanza kutembea tena, pale pale ilipoachia. Wanakwaya wakafunga midomo. Shuka halikuwa limejongea. Mama Pasikali akapiga magoti mbele ya televisheni, kiganja juu ya kioo, na mimi nikajikuta nasoma dua bila kujua nimeanza saa ngapi. Ndipo sauti yake mwenyewe ikatoka ndani ya televisheni, mvua yetu ikisikika nyuma yake: Ernesta! Vyuka!

Shuka likatikisika. Wakalivuta, Ernesta akasimama, uso umelowa machozi, anacheka. Kanisa zima likapiga vigelegele.

Mama Pasikali alilia mpaka akaishiwa pumzi. Kisha akageuka. "Nesi, wanashangilia nini?"

"Wanashangilia kwamba umemtoa, mama."

"Sikumtoa," akasema. "Nilikuwa namwita aje kwangu."

Kwenye kioo Ernesta alikuwa amegeukia upande wa kamera, anaitafuta kwa macho, hajui aitazame wapi. Midomo ilisema asante, mama. Mama Pasikali akajifuta uso kwa kanga, akavuta kiti karibu.

"Usije ukamwambia," akasema.

Akaangalia ibada mpaka mwisho, mkono wake juu ya lile goti zima.