Michezo Iliyokatazwa Mweso

Mkaguzi wa michezo yetu ya simu alikuwa akija dukani na bunduki, na kila mchezo uliomshinda aliupiga marufuku. Mpira aliukataa kwa sababu mwamuzi alimnyima goli. Mbio za magari alizikataa kwa sababu gari lake lilikuwa linatumbukia mtoni kila mara. Mchezo wa kufuga ng'ombe aliupenda sana, mpaka wezi wakaja wakamchukulia ndama.

"Toa hii," aliniambia. "Iko inafundisha watu kuiba ngombe."

"Afande, hapo chini kuna namna ya kujenga ua. Ukijenga, hawaingii."

Akajenga ua. Wezi wakapitia upande wa pili.

"Nimesema toa!"

Nikautoa. Baba mdogo, ndugu wa baba yangu na mwenye duka, alikuwa nyuma ya kaunta akipanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kila aliposikia "toa", mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Duka lilikuwa Mweso, kando ya barabara ya Kitshanga. Baba mdogo alitoka Butembo kama wafanyabiashara wengi wa huku. Alianza na chumvi na sabuni, baadaye akaongeza simu na vocha, na nilipomaliza masomo ya kompyuta akaniita. Mtandao wa Mweso haukuweza kushusha mchezo mzima. Ulikatika katikati, mtu akabaki hana mchezo wala salio. Kwa hiyo baba mdogo alipokwenda Goma kuchukua bidhaa, nilipanda naye nikiwa nimepakata kompyuta, nikatafuta mahali penye mtandao mzuri, nikashusha michezo, tukarudi nayo. Mteja alileta simu yake, nikamwekea aliyoitaka. Mweso haikuwa na duka lingine la michezo.

Kuchagua ilikuwa kazi yangu. Mchezo unaodai mtandao kila saa niliuacha Goma. Unaomaliza betri niliuacha pia, maana watu wengi walichaji simu kwa jirani mwenye sahani ya umeme wa jua. Uliobaki niliucheza mwenyewe kwanza, kwa sababu nje unaweza kuona picha ya maembe na ndani ukakuta wanawake wasiovaa nguo. Mama mmoja wa shirika letu la kanisani alirudi na simu ya mwanawe, akaiweka juu ya kaunta kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza. Tangu hapo baba mdogo alikuwa na kipimo kimoja.

"Kama unaona haya kuonyesha Padiri, usimuwekee muntu."

Alikuwa pia na desturi ambayo wafanyabiashara wa kwetu wote wanayo. Gunia halipandi lori bila jina la mwenyewe, limeandikwa kwa rangi, tena pande zote mbili, kwa sababu gunia lisilo na jina likishushwa njiani ni la yeyote. Basi akaniagiza kila mchezo ukae ndani ya folda yenye jina la duka. Ukifungua simu yako kutafuta mchezo, unakutana na jina letu kwanza. Sikuona ubaya wowote. Wateja walikuwa wakirudi.

Halafu kundi lingine la wapiganaji likaushika mji. Tulikuwa tumeshazoea: tulifunga, tukasikiliza, tukafungua. Vijana wakarudi kwenye benchi letu la nje na mchezo wao wa vita, ule wa kuunganisha simu mbili na kupigana. Kwa utani walikuwa wamezipa sehemu za mchezo majina ya vijiji vyetu.

"Mushaki yangu! Mushaki nimekamata, toka na viatu vyako!"

"Wewe? Nitakufukuza mpaka Walikale, utalala Kashebere bila blanketi!"

"Kimbia, kaka, kimbia! Wenzako wote wameisha!"

Mpiganaji mmoja wa kundi lile alikuwa mlangoni akinunua sigara. Alisikia kwamba Mushaki imeshikwa. Alitoka mbio, sigara akaziacha juu ya kaunta. Muda si mrefu barabara ikajaa wenye silaha, akina mama wakaanza kufunga mizigo ya sokoni, na watu wawili wakaingia kutuuliza habari hizo zimetoka kwa nani. Tuliwaonyesha simu. Mmoja alicheka. Mwenzake hakucheka, na huyo ndiye aliyekwenda kutoa ripoti.

Amri ilifika asubuhi iliyofuata. Michezo yote ikaguliwe na mtu wao. Mchezo uliokataliwa ukionekana tena kwenye simu ya mtu, mwenye duka njo atajibu, yeye mwenyewe. Hawakueleza kujibu ni kufanya nini, wala baba mdogo hakuuliza.

Hivyo ndivyo mkaguzi alivyoingia maishani mwetu. Hakuwa mtu mkali. Alisalimia vizuri, alimwita mama mdogo, mke wa baba mdogo, "Mama", aliinama kupita mlango ili bunduki isikwaruze rangi. Lakini hakujua alichotumwa kutafuta. Nilipomuuliza mchezo mbaya ni upi, alisema mkubwa wake amesema ataujua akiuona. Kwa hiyo alicheza, akakasirika, akakataa. Mchezo wa vita wenyewe aliukubali. Alikuwa anaumudu.

Kutoa mchezo kwenye kompyuta yangu kulikuwa rahisi. Kilichoninyima usingizi ni simu za watu. Michezo ilikuwa inaruka kutoka simu hadi simu, shambani, hospitalini penye foleni, kwenye lori la kwenda Walikale, bila kupita kwangu, na kila ilikoruka ilibeba folda nzima pamoja na jina letu. Mchezo wa ng'ombe ulikuwa umeenea vilimani kote, kwa watu walionyang'anywa ng'ombe wao halisi.

Nilimwambia baba mdogo tuondoe jina.

"Jina la duka nilitoe, watu wasemeje? Nimefilisika?"

"Papa, jina njo litakufunga."

Jioni akasema toa. Kwenye kompyuta likatoka. Kuhusu simu za watu, tulitangazia wateja kwamba atakayetaka kufutiwa michezo afike, tutafuta bure na kumwekea mingine. Wakulima wa maharagwe kutoka mlimani walikuja kwa utaratibu, wakakaa kwenye benchi, wakasubiri zamu. Vijana wa pikipiki hawakuja kufutiwa.

"Dada, nipe ile inayokatazwa."

"Haiko."

"Eh, dada anaficha vitamu! Basi nitaipata Kashebere, huko hawana mukaguzi."

Wakacheka, wakawasha pikipiki zao. Niliwafuata kwa macho nikikumbuka vizuizi vilivyo kwenye njia ile, ambako simu hufunguliwa na kuangaliwa picha kwa picha.

Wapiganaji walikuja kumchukua baba mdogo mchana mmoja, duka likiwa na wateja. Walisema simu imepatikana kwenye kizuizi cha barabarani, ina mchezo mbaya na jina la duka. Alivaa koti lake la kanisani, akamwambia mama mdogo asiache kuuza, akatoka katikati yao.

Mkaguzi alibaki mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakuketi.

"Ni mchezo gani, Afande?" nikamuuliza.

"Hawakuniambia." Akasogea karibu. "Dada, kama ni ule nilikataa, iko juu yenu. Kama ni ule nilikubali, iko juu yangu. Ule wa vita, nilisema nini?"

"Ulisema uko muzuri."

Alitazama barabarani. "Toa yote."

"Hata ya watoto?"

"Yote, dada. Na mimi sikukubali hata mumoja. Unasikia?"

Nilifuta yote, na yeye amesimama nyuma yangu. Kompyuta ilipobaki tupu aliniambia asante, akaondoka. Hatujamwona tena, na aliyeletwa badala yake anasema hamjui mtu huyo.

Baba mdogo aliachiwa kesho yake. Hakuwa na koti wala mkanda. Mama mdogo alimpa maji, mimi nikamwuliza lile nililokuwa nikiliwaza usiku kucha.

"Walikuambia ni upi?"

"Nimewauliza. Walisema tunaujua."

Tangu siku hiyo anakwenda kwao kila Jumatatu asubuhi kuulizwa kama mchezo ule umeshaondolewa Mweso. Anajibu umeondolewa, wanamwacha arudi kufungua duka. Tunauza sabuni, chumvi na vocha. Nimekataa kushika simu ya mtu. Jumatatu iliyopita walimwambia wameuona kwenye simu nyingine, upande wa Walikale, na kwamba afikirie vizuri kabla ya kurudi.

Leo ni Jumatatu. Alikwenda mapema, akasema atajibu vilevile, kwa sababu hana jibu lingine. Sasa ni saa tisa mchana na bado hajarudi. Mama mdogo ametoka kwenda kuulizia, na mimi ndiye niliyebaki dukani.