Namba Zisizorudi

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha hesabu, kwa punje za maharage, katika kijiji chetu cha ujamaa huko Murusagamba. Vita vya Kagera vilipoanza alikwenda na wanamgambo wenzake, wakavuka hadi Uganda. Hakurudi, wala hatukuletewa hata kiatu chake. Wazee wakashauri tuzike mgomba badala ya mwili, ili msiba uishe. Mama akawafukuza.

Nimezeeka nikifundisha chuo kikuu. Kazi yangu ni kuchukua namba, kuipitisha kwenye kanuni ileile tena na tena, na kutazama inakoelekea. Ikishatoka nje ya duara fulani, haitarudi kamwe. Imethibitishwa, hakuna haja ya kuingoja.

Likizo moja nilimweleza mama hayo akiwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Na kaka yako ameshatoka nje ya hilo duara?"

Nilichukua kisu kingine, nikamsaidia kumenya.

Mwaka jana tulimzika mama. Wazee wakaja na mgomba walioukata tayari, eti tumalize misiba yote miwili siku moja. Niliwafukuza, mimi, profesa mzima.