Niliposema Mashariki

Nilimaliza kidato cha sita nikiwa sijui ninachotaka, na jambo hilo liliwaudhi watu wengi ambao halikuwahusu. Nikienda sokoni Shinyanga mjini kumnunulia mama nyanya, muuza nyanya ananiuliza, "Umesoma mpaka huko, sasa unataka kuwa nani?" Mzee wa kanisa naye anauliza. Dereva wa bajaji, ambaye hata njia ya kwetu haijui, anauliza. Wiki ya kwanza nilijibu kwa adabu kwamba bado natafakari. Wiki ya pili nikaanza kumpa kila mtu jibu lake. Kwa muuza nyanya nilikuwa rubani. Kwa mzee wa kanisa nilikuwa naenda utawani, akababaika kweli kweli, maana sisi wala sio Wakatoliki.

Nyumbani kwetu, Samuye, maswali hayakuwepo. Huko walikuwa na majibu. Baba alitaka niwe daktari wa mifugo, kwa sababu yule bwana mifugo wa kata alikuwa akiitwa leo anakuja keshokutwa, ng'ombe ameshafukiwa.

"Baba, sikusoma bailojia. Mimi nimesoma Fizikia, Jiografia na Hesabu."

"Utaisomea huko huko."

"Hawapokei mtu bila bailojia, baba."

"Umewauliza?"

Sikuwa nimewauliza. Mama alitaka niwe mwalimu, na sababu zake alizitaja bila haya: mwalimu anarudi nyumbani jua bado lipo, na mwalimu ana likizo, kwa hiyo atakuja kumsaidia kupalilia. Yaani mama alikuwa hatafuti mwalimu, alikuwa anatafuta mpaliliaji mwenye cheti.

Mimi nilitaka waniache. Huo ndio ukweli, lakini sio wote. Ukweli wote ni kwamba nilikuwa naogopa. Rafiki zangu wa bwenini walijua wanachotaka tangu kidato cha pili, wengine walikuwa wanasaini madaftari yao "Dokta" kabisa, na mimi nilikaa katikati yao miaka yote hiyo nikisubiri kitu kinijie. Hakikuja. Nilifaulu vizuri tu, daraja la pili, bila kupenda somo hata moja. Nilianza kuamini kuwa nimezaliwa na kasoro, na nilikuwa namwonea wivu hata mbuzi wa baba, ambaye hakuna aliyemwuliza mipango yake.

Dirisha la maombi ya chuo lilikuwa linafungwa Ijumaa ya wiki ya nne. Baba akatangaza mbele ya ugali kwamba nisipochagua mpaka hapo, atachagua yeye, na nilijua atachagua nini.

Hapo ndipo alipotokea mjomba, kaka yake mama, na pikipiki yake yenye kelele ya kuamsha ukoo mzima. Mjomba alikuwa na duara huko Kharumwa, yaani shimo la dhahabu, yeye na wenzake kadhaa. Alikunywa maji, akala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, sahani nzima, kisha akasema: "Huyu mpwa wangu kasoma Jiografia. Jiografia si ni ardhi? Na dhahabu si iko ardhini? Sasa mnahangaika na nini? Nampeleka akaione kazi kwa macho yake."

Jamani, Jiografia niliyosoma mimi ilikuwa ya upepo na mashamba ya ngano ya Kanada. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Lakini kukaa nyumbani kulikuwa na maana ya kuangaliwa na baba kila siku kama deni, nikaufunga, nikapanda pikipiki.

Kharumwa kwenyewe ni mji wa kawaida tu, maduka, ofisi za wilaya, watu wanauza mpunga na mahindi. Machimbo ya mjomba yalikuwa mbele zaidi, porini. Tulipofika nikaona kamba ya katani imefungwa kwenye vigingi, imezunguka duara zima. Mjomba akashuka, akanyoosha kidole.

"Mwisho wako hapo."

"Kwa nini?"

"Mwanamke havuki. Akivuka dhahabu inakimbia. Wote walio chini wanapanda juu, kazi inasimama mpaka kesho yake, na aliyevuka anatoa kuku mweupe."

"Mjomba, si umesema nije niione kazi kwa macho?"

"Macho si yanaona mbali?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Mtu huyu alitaka nisomee madini miaka minne, nirudi mtaalamu, kisha nisimame kwenye kamba nipige kelele. Nilimwambia hivyo hivyo, akacheka mpaka akakohoa, akasema hayo tutayazungumza nikishapata shahada.

Basi nikawa nashinda kwenye kibanda cha mama lishe, hatua chache kutoka kwenye kamba. Mama lishe alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, na alinipokea kwa kunikabidhi kisu. "Mtaalamu, karibu. Menya viazi." Wachimbaji walipopanda juu kula, wakiwa wamejaa vumbi mpaka kope, nao waliniita mtaalamu. Mwanzoni niliona ni kejeli. Siku ya pili nikagundua hawatanii, wanamaanisha, na hilo likanipendeza kuliko ninavyopenda kukiri.

Siku ya tatu mchana nilikuwa nakula wali maharage. Mjomba akaja na msimamizi wa duara, mzee mfupi mwenye tochi ya kichwani, mpole sana. Wakaniwekea mawe mawili mezani, pembeni ya sahani. Mwamba wao, ule mstari wa jiwe unaobeba dhahabu, ulikuwa umewapotea. Walimwita mganga, akasema dhahabu imeenda kutembea na itarudi. Walikuwa wamesubiri wiki mbili, haijarudi.

"Mpwa wangu, hebu angalia," mjomba akasema. "Umekata kwenda upande gani?"

Niliyaangalia mawe. Moja jeusi, jingine jeusi kidogo. Niliyageuza. Nikanusa moja, sijui kwa nini, labda niliona wazee wakinusa tumbaku. Watu wakaacha kula. Wanaume wazima, wenye watoto wao, wananisubiri mimi nimeze maharage. Neno "sijui" lilikuwa mdomoni kabisa, lakini mbele ya macho yote yale nikaona aibu, nikalimeza pamoja na wali.

"Mashariki," nikasema.

"Gashi! Kumbe!" mjomba akapiga meza. "Si niliwaambia?"

Wakaenda. Hakuna aliyeuliza kwa nini mashariki. Na mimi nikamalizia wali wangu, Mungu anisamehe, nikaongeza na mchuzi.

Siku nne walichimba mashariki. Siku ya tano asubuhi msimamizi akaja peke yake mpaka kwenye kamba, akavua kofia. Yule mzee angeweza kunizaa na kumzaa baba yangu pia, lakini nilipomwamkia shikamoo aliitika upesi upesi, kama mtu aliyekuja ofisini kwa mkubwa. Akaniambia huko wanakokwenda udongo umekuwa laini na unatoa jasho, na miti ya kuegemezea kuta imewaishia. Nyingine italetwa Jumatatu.

"Tuendelee au tusubiri?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Tulikuwa sisi wawili tu, hakuna wa kunicheka, na mzee mwenyewe alikuwa amenipa njia ya kutokea. Ningesema tu, mzee wangu, mimi nilibahatisha. Nikafikiria mjomba atakavyoaibika mbele ya wenzake. Nikafikiria baba atakavyosikia. Nikasema, "Endeleeni kidogo, taratibu."

Akanishukuru. "Wabeja, mama." Akavaa kofia, akateremka.

Nilirudi kwenye viazi nikajikata kidole. Mama lishe akaniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu. Sikuweza kukaa. Kila ndoo iliyopanda juu niliichungulia kutoka kwenye kamba. Saa tano ndoo zilikuwa na udongo wenye unyevu tu. Saa saba udongo ulikuwa unang'aa kwa maji. Saa nane ndoo zikaanza kudondosha matope, na vijana wawili waliokuwa wanazungusha winchi wakawa wanateleza. Chini kulikuwa na wanaume sita, na mjomba mmojawapo. Nilijua kwa sababu niliwahesabu asubuhi wakiteremka, na nilikuwa sijafanya kitu kingine tangu hapo ila kuwahesabu kichwani, wakiwa sita, tena na tena.

Nikawapigia kelele wale wa winchi: "Mwiteni mjomba!"

"Subiri apande."

"Atapanda saa ngapi?"

"Akimaliza."

"Mwambieni aache kuchimba! Mwambieni nimesema mimi!"

"Tutamwambia akipanda," mmoja akanijibu, wala hakugeuka.

Mwenzangu, sijui nieleze vipi. Mtu yule yule ambaye akisema mashariki wanakwenda mashariki, akisema acheni anaambiwa asubiri. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tena, na nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikainua gauni nikavuka kamba.

Mama lishe akapiga yowe. Winchi ikasimama. Nikaenda mpaka mdomoni mwa duara, nikasimama pale kabisa, mikono kiunoni, wanione vizuri. "Haya, dhahabu imekimbia! Watoeni wote!"

Na kweli wakatolewa. Kwa maneno yangu ya kitaalamu wasingepanda, lakini kwa gauni langu walipanda mbio. Mmoja. Wawili. Msimamizi alikuwa wa nne. Mjomba alipanda wa mwisho, matope mpaka shingoni, na nilipomwona kichwa nililia kwa sauti kama mtoto mdogo, mbele ya wote.

"Umefanya nini, wewe?" akaniuliza.

"Mjomba, nilibahatisha. Mashariki nilibahatisha. Mimi sijui chochote kuhusu mawe."

Nilisubiri wanipige. Loh, hawakujali hata kidogo! Hakuna aliyesema neno juu ya kubahatisha. Walikuwa wanagombana kuhusu kamba, kuhusu siku iliyopotea, kuhusu kuku, na kama kuku mmoja anatosha kwa mtu aliyevuka na kusimama mdomoni kabisa. Ni msimamizi peke yake aliyeniangalia. Alivua tochi yake kichwani, akaenda kukaa mbali, na mpaka leo nikikumbuka mgongo wake najisikia vibaya.

Duara halikuanguka. Najua ungependa nikwambie liliporomoka jioni ile na mimi nikawa shujaa. Halikuporomoka. Jumatatu miti ilifika, wakateremka, wakachimba mashariki ile ile kwa sababu walishaanza, wakakutana na maji mengi, wakaacha. Dhahabu hawakupata. Na sababu inajulikana kwa kila mtu Kharumwa: kuna binti wa Samuye alivuka kamba.

Alhamisi mjomba alinirudisha nyumbani. Njiani pikipiki ikapata pancha, tukakaa kwenye kivuli cha duka tukisubiri fundi azibe. Tangu siku ile alikuwa hajaniambia neno zaidi ya "kula" na "panda". Nikamwomba msamaha tena.

"Mimi nililima pamba," akasema, akiangalia barabara. "Nikauza mitumba minadani. Nikaendesha bodaboda. Nikaingia shimoni. Unafikiri kuna siku nilijua? Kila mara nilisema mashariki, nikaenda. Nilitaka tupate mtu mmoja kwenye ukoo huu anayejua, basi."

"Sijui, mjomba."

"Nimekusikia. Tatizo lako sio kutokujua. Ulichelewa kusema, watu wako chini tayari." Akanyanyuka kumhimiza fundi. Nilitamani anitukane badala yake.

Ijumaa mchana baba alinisindikiza mjini, steshenari, kwa dada anayejaza fomu za vyuo kwenye kompyuta. Foleni ilikuwa ndefu, tukafikiwa wa mwisho, dada amechoka, anachukua pochi yake. Akauliza chaguo la kwanza. Baba akakohoa. Alikuwa amevaa koti lake la harusini, na nilijua amekuja kusikia neno mifugo.

"Jiolojia," nikasema.

Dada akaandika. Baba akaniuliza ni kitu gani hicho. Nikamwambia ni kusomea miamba, inavyokaa, inavyokwenda, na ni wapi ardhi inaweza kumfukia mtu.

"Kumbe mjomba wako kakuroga."

"Hapana, baba. Mjomba sasa hivi hata hataki kunisikia."

Nikamweleza yote pale pale, dada akisikia: mawe, maharage, mzee wa watu aliyenivulia kofia, wanaume sita. Nilitegemea anikatishe. Hakunikatisha. Nilipomaliza aliiangalia ile kompyuta, ambayo hakuwahi kuigusa maishani mwake.

"Na hiyo jiolojia, una uhakika utaipenda?"

"Sijui, baba. Naweza nikaichukia."

Dada akasema, "Mzazi, dirisha linafungwa, tutume au tusitume?" Akanisogezea kipanya. Mkono wangu ukagoma kabisa, ukatulia mezani kama sio wangu.

Baba akauangalia. Akakunja mkono wa koti, akainama, akakibonyeza yeye mwenyewe kwa kidole gumba, kwa nguvu zote, kama anavyoua kupe.